Asumini la Dirisha la Jiko

Leo Jumamosi, tarehe kumi na mbili, saa moja na nusu asubuhi, harufu ya asumini imepita dirisha la jiko ikanikuta kitandani. Sikilizeni wanangu, sogeeni, sauti yangu haifiki mbali tena, lakini moyo unaruka kama wa bibi arusi.

Tangu baba yenu afe, miaka miwili sasa, ule mti haukutoa hata ua moja mpaka leo. Kosa ni langu. Nilikataza usikatwe hata kijiti, kwa kuwa mkono wake ndio uliokuwa wa mwisho kuupogoa, nami nilijua fika kwamba asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Huzuni ilinipumbaza. Wanawake wa mtaa waliokuja kwangu kuomba maua ya dawa walirudi mikono mitupu, hata binti wa fundi cherehani, aliyefiwa na kichanga, maziwa yamemjaa kifuani mpaka anatetemeka. Sikuwa na ua la kumfunga kifuani likaushe maziwa.

Nilipolazwa hospitali, shangazi yenu aliingia na mkasi akaukata ukabaki kimo cha goti. Niliporudi nilimtukana matusi ambayo mtu hamtukani hata mwizi. Akanijibu, "Wifi, nitukane utakavyo. Ukichoka, mwagilia maji."

Shukrani ya punda ni mateke. Mkono huohuo wa wifi yangu, nilipomzika kaka yenu msiyemjua, ndio ulionifunga maua ya asumini kifuani siku tatu, maziwa yakakauka, nikapata usingizi.

Basi nausia. Nyumba ni yenu, gawaneni bila kelele. Mti ni wa shangazi yenu, pamoja na ufunguo wa mlango wa uani, na asiulizwe anakata nini. Wewe binti yangu, shika dawa: majani yachemshwe, ni ya kusukutua mdomo wenye vidonda, maua yalowekwe kwenye mafuta, ni ya kichwa kinachouma. Ya kifuani usimfunge mama anayenyonyesha. Muulize kwanza, kila mara. Na titi likiwa jekundu na homa imepanda, mpeleke hospitali, usiseme mama yangu alitibu kwa maua.

Mwiteni shangazi yenu. Yuko jikoni, anajifanya anaosha vyombo vilivyo safi. Mwambieni wifi yake amechoka kutukana, anaomba kopo la maji.

Pumzi inanipungua... Mungu awaweke pamoja, wanangu. Ee Mola, mrehemu mume wangu, na yule mtoto wangu wa siku tisa. Harufu hii iwafikie huko waliko. Amina.