Bi. Jaha Muhidin na Salamu Iliyokataa Kuisha

Ijumaa, tarehe 29 Desemba 1989, Bi. Jaha Muhidin atafunga mlango wa chumba cha mitambo cha Kituo cha Vipimo vya Pwani, Malindi, na kukabidhi ufunguo baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake, kwa kuwa ndicho pekee kisicholia mtu akikikalia.

Alikuja kutoka Lamu mwaka 1961, akaajiriwa kupokea simu. Baadaye akajifunza redio, kisha akapelekwa Nairobi kusomea kompyuta, na akarudi na cheti kizuri na malalamiko marefu kuhusu baridi na chai ya kule. Ni mtu wa utani mwingi, lakini ana sheria zake. Hakuna aliyeruhusiwa kula mabuyu karibu na mashine. Fundi wetu wa laini, Kalama wa Ganda, aliwahi kukana kwamba alikula, ilhali vitufe vilikuwa vyekundu kwa alama za vidole vyake. Bi. Jaha hakugombana naye. Alimpa kitambaa tu akakaa kumtazama akifuta.

Kazi kubwa ya maisha yake ni kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta zetu. Ni mfumo wa ukoo wa Unix, lakini kiini chake tulijitengenezea wenyewe, yeye akiongoza, kwa sababu vilivyokuwa vikiuzwa havikuzifaa mashine zetu kuukuu. Ofisi ya Malindi na ya Kilifi ziliunganishwa kwa laini ambayo haikuelewa pakiti zetu, yaani vifurushi vya ujumbe. Basi kila pakiti ilitiwa ndani ya bahasha ambayo laini iliielewa, ikasafiri, na upande wa pili bahasha ikavuliwa. Njia hiyo tuliiita handaki.

Kwa kawaida pakiti iliyozunguka mno bila kufika hutupwa. Bi. Jaha aliweka tofauti moja. Wahudumu wa pande mbili hawakuanza kazi bila kuamkiana, na yeye hakukubali salamu ya mtu itupwe kabla haijajibiwa. Akakiagiza kiini kiishike salamu mpaka jibu lake lipokewe. Sote tulikubali, tukaona ni adabu. Sidhani kama kuna watu wengine ambao wangefikiria kuifundisha mashine jambo hilo.

Mhudumu wa Kilifi alikuwa Phineas Maina, mzaliwa wa bara aliyeipenda lugha yetu hata akatushinda kwa maamkizi. Kila asubuhi aliandika: “Sabalkheri Malindi. Hamjambo nyote? Mimi niko.” Siku moja ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno, mwaka 1987, aliandika hivyo, kisha maji yalipokupwa akatoka kwenda kuangalia kipimo kilichokuwa mwambani. Hakurudi. Alitafutwa na wazamiaji na wavuvi, ikapatikana kofia yake. Ofisi ya Kilifi ikafungwa, mashine ikazimwa.

Wiki iliyofuata, mwenzetu Idah Adhiambo alikuwa peke yake chumbani mchana, wenzake wamekwenda kula. Kioo kikaandika: “Sabalkheri Malindi. Hamjambo nyote? Mimi niko.” Idah alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Tulimcheka mpaka kesho yake, salamu ilipoingia tena mbele yetu sote.

Ikawa kawaida, ila haikuzoeleka. Tukifanya kazi, kimya. Chumba kikitulia, watu wakiacha kuandika na kubaki wakisikiliza feni, salamu inaingia. Kalama alitumwa Kilifi kuona nani anatufanyia mzaha. Akapiga simu kutoka kule, akasema mashine imefunikwa, waya wa umeme umechomolewa, na mkono wake uko juu ya chuma baridi. Wakati anasema hayo, sisi Malindi tulikuwa tunaisoma salamu ikijiandika herufi kwa herufi. Tulipomweleza, simu ilikatika. Alituambia baadaye kwamba aliikata yeye, akaenda kusimama juani. Mimi ninayeandika haya ni mtu wa sala zangu tano, na bado niliogopa kubaki chumbani humo hata adhuhuri.

Habari zikamfikia Wangu, mkewe Phineas. Ndugu wa mume walitaka ifanywe ibada ya kumuaga, yeye akakataa. Mtu asiyeonekana maiti, na anayesalimu kila siku, ataagwaje? Akawa anakuja kukaa mbele ya kioo, akiomba tunyamaze ili mumewe apate kusema. Alikonda. Nyumbani bado alikuwa akipakua sahani ya mumewe, na mtoto wao Njoroge alikuwa ameacha kuuliza ni ya nani. Mkurugenzi alitaka kila kitu kifutwe. Wangu alimshika Bi. Jaha mikono, akamsihi asiguse chochote.

Bi. Jaha alituomba subira. Kwanza aliichomoa laini yenyewe ukutani, mbele yetu. Salamu ikaja vilevile. Wengine tulianza kusoma dua, yeye akavaa miwani. Kwa kuwa haikuweza kutoka nje, alisema, imo humu ndani mwetu. Akakipekua kiini, sehemu inayoiambia kila pakiti ipite wapi, na huko akalikuta kosa, nalo lilikuwa lake. Asubuhi ile Phineas alipopotea ndiyo tuliyohamia laini mpya, na katika kuhamisha aliandika kwamba njia ya kuufikia mdomo wa handaki ipitie ndani ya handaki hilohilo, kama kumwambia mtu apite mlangoni ndipo aufikie mlango.

Hivyo jibu tulilompa Phineas siku ile halikutoka Malindi kamwe. Lilitiwa bahasha, likarudishwa mlangoni, likatiwa nyingine juu yake, likiikokota salamu liliyokuwa likiijibu. Mashine ikipata nafasi ilizivua bahasha, na kwa kuwa kiini kiliamini kwamba kila kinachotoka handakini kimetoka Kilifi, kikaionyesha salamu kuwa mpya. Ilihitaji utulivu kuifanya kazi hiyo, ndiyo maana ilingoja tunyamaze.

Mwingine angerekebisha na kunyamaza. Bi. Jaha alimwita Wangu, akakaa naye chini mkekani, akamweleza yote bila kujificha. Alimwambia: “Mama Njoroge, huyu si Phineas. Hii ni salamu yake ya mwisho, na aliyeizuia isiende zake ni mimi. Naweza kuifuta sasa hivi. Lakini nikiifuta, itakuwa haikujibiwa. Wataka nani aijibu?”

Wangu alinyanyuka mkekani, akavuta kiti mbele ya mashine. Kisha akasema ataijibu yeye.

Kalama akarudi Kilifi, akaiwasha mashine. Bi. Jaha aliinyoosha njia. Wangu hakujua kupiga chapa, akawa anatafuta herufi moja moja kwa kidole: “Hatujambo, Baba Njoroge. Tumekusikia. Pumzika.” Akauliza kama imefika. Simu ikalia, Kalama akasema imefika, ameisoma. Tukakaa kimya sote, makusudi, tukikitazama kioo. Kikabaki cheusi. Hapo Wangu akalia, kwa mara ya kwanza tangu mumewe apotee, akiwa amemkumbatia Bi. Jaha. Alipomaliza aliomba simu, akawapigia ndugu zake wa bara, akawaambia waje, amefiwa.

Bi. Jaha aliiondoa ile sheria ya salamu kwa mkono wake siku iliyofuata. Ilimuuma, nasi tuliona. Tangu hapo amewafundisha vijana wengi kukagua njia kabla ya kulaumu majini, na mahandaki yetu hayajajimeza tena.

Bi. Jaha, tunakushukuru kwa ujuzi wako, kwa ukali wako wa mabuyu, na kwa siku ile ambayo hukuficha kosa lako mbele ya mjane. Mungu akupe umri, afya na chai nzuri huko Lamu. Wangu ameomba tuongeze kwa niaba yake kwamba nyumbani kwao sasa hupakuliwa sahani mbili, na Njoroge humaliza ya kwake.

Dzombo, kwa niaba ya wafanyakazi wa chumba cha mitambo