Mzee Silvester Lemi, Aliyetaka Aambiwe Yeye Mwenyewe

Baba Padri, ndugu Wakristo na Waislamu, majirani wa Lobule na ninyi mliovuka mpaka kutoka Kongo, mimi ni Juliet, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwaeleze maisha ya baba yetu.

Mzee Silvester Lemi alizaliwa tarehe 12 Juni 1957 hapa Lobule, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, na vita vya 1979 vilipofika kwetu akakimbilia Kongo, upande wa Aru, ambako alimpata mama yetu, Alphonsine, wakaanza kuishi pamoja mwaka 1982, na Mungu akawajalia watoto wanne, mmoja akatutangulia. Waliporudi nyumbani alifanya kazi kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, akichochea moto msimu baada ya msimu, kazi iliyotusomesha sote, na moshi wake ukamkaa kifuani.

Mwaka 2015 madaktari wa Arua walimkuta na ugonjwa sugu wa mapafu, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Februari 2022 tuliambiwa tujiandae, ndugu wakajaa, wengine wakaanza kubishana kuhusu mahali pa kaburi, na baba akaketi kitandani akaomba samaki.

Ndiyo maana Septemba mwaka huu wa 2024, Daktari Onzima alipotuita kando ya kitanda, wengi wetu tulimsikiliza kwa sikio moja. Alisema, "Siku siwezi kuwatajia, ugonjwa huu hautabiriki. Lakini kila akilazwa anarudi nyumbani na nguvu kidogo kuliko mwanzo, na akituacha kabla ya Krismasi, mimi sitashangaa."

Baba mdogo Obeti akakataa katakata, "Mlisema hivyo hivyo zamani! Na yeye asiambiwe."

Tulidhani baba amelala, kumbe alisikia yote, akasogeza mpira wa oksijeni puani, akasema, "Daktari, ambia mimi. Mgonjwa iko hapa."

Daktari akaketi, akamshika mkono, akamweleza bila kuficha. Baba akauliza, "Nitaweza kusimama kanisani?"

"Kusimama hapana, Mzee. Kukaa utaweza."

Maana ndoa ya kanisani hawakuwa wamefunga, kila mwaka ilisogezwa mbele kwa ajili ya mavuno au karo zetu. Tarehe 28 Septemba baba alifunga ndoa na mama akiwa kwenye kiti, baba mdogo Obeti akikishikilia kwa nyuma, na alipoulizwa na Padri alitafuta pumzi muda mrefu, kanisa zima likangoja, mama akashindwa kuvumilia akajibu, "Anakubali, Padri, ananikubali!" Watu walicheka, na baba akacheka mpaka akakohoa.

Hakutaka kurudi hospitalini tena. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024, mama akiwa amemwegemeza kifuani pake.

Tunamshukuru Daktari Onzima, aliyekubali kusema jambo gumu huku akijua anaweza kukosea, tunawashukuru wauguzi, majirani waliombeba, na wenzake wa tumbaku ambao leo tunawasikia wakikohoa hapa, ninyi nendeni mkapimwe.

Baba, kazi ya kupumua umeimaliza. Lala salama.