Maisha ya Mzee Subiri, Aliyesoma Oili za Magari

Wapendwa waombolezaji, kabla ya mengine yote, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye familia imempa kazi ya kusoma historia hii, anakiri mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili kwamba alimdanganya kaka yake kwa chupa ya oili, akaapa uongo kwa jina la Mungu, na gari lililohusika na uongo huo bado linatembea, tena asubuhi hii limeleta watu msibani, kwa hiyo mkisikia sauti inatetemeka, si majonzi peke yake, ni woga.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari hakuiona kwa sababu baba aliugua macho, ila alijifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni, na huko ndiko jina la Subiri lilikomganda, kwa kuwa kila mwenzake aliponyoosha mkono kuwasha injini yeye alisema "subiri kwanza", mpaka wakamtania kwamba hata malaika wa mauti atamsimamisha mlangoni.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya kupima oili, chumba kimoja chenye dirisha la wavu na harufu ya mafuta ya taa, akaanza kwa kuosha chupa, baadaye akafundishwa kusoma majibu, yaani oili iliyotumika inatolewa kwenye injini, mashine inaonyesha kilichomo ndani yake, shaba na risasi zikizidi beringi zinasagika, chuma kikizidi silinda zinalika, sodiamu ikionekana maji ya rejeta yamepata njia ya kuingia, na msomaji hatakiwi kutamka neno lolote kabla hajajua oili hiyo imetembea kilomita ngapi tangu itiwe ikiwa mpya.

Somo hilo la mwisho alilipata kwa uchungu, kwani mwaka 1991 aliletewa oili ya pikapu ya muuza mbao, akaona namba ndogo, akafurahi, akaandika kwamba injini ni nzima bila kuuliza chochote, kumbe oili ilikuwa ya juzi tu, na kwa oili ya juzi namba zile zilikuwa kubwa mno, na kabla ya mwezi kwisha injini ilikamata, ikagoma kuzunguka, kwenye mteremko, muuza mbao na mkewe wakazikwa pamoja, na tangu hapo Mzee Subiri aliogopa majibu mazuri kuliko mabaya, wateja wakamcheka, naye akawaacha wacheke.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1986 na mwalimu wa chekechea, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, aliyezoea kulalamika akicheka kwamba mume wake anajua gari la jirani linaumwa nini, lakini mke akiwa na homa mpaka aambiwe, na Mungu akawajalia watoto watatu na wajukuu watano.

Mwaka jana marehemu alimwomba mdogo wake, dereva wa teksi, alete oili ya gari lake ipimwe, naye dereva, kwa kuogopa kwamba litasimamishwa, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya, akazunguka nayo siku mbili, kisha akaandika kwenye chupa kwamba imetembea kilomita elfu nane, na majibu yalipotoka safi kama maji marehemu alimwita barazani akamwambia, "Mdogo wangu, hii oili bado mbichi, dawa za kiwandani zimo zote, umebadilisha?", mdogo wake akajibu, "Haki ya Mungu, kaka, sijagusa", na marehemu akasema, "Haya, Mungu amesikia."

Baadaye dereva huyo alipata gari jingine, lile la zamani, la kijivu, akamwachia binti wa dada yao, ambaye hulitumia kupeleka watoto wa mtaa shuleni, na mwezi Julai mwaka huu, figo zikiwa zimeshamvimbisha miguu, marehemu alijikokota hadi kwa binti huyo, akavuta oili kwa mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti cha kupimia, binti akamtania, "Mjomba, hiyo siyo soda", naye hakucheka.

Alilazwa tarehe 3 Agosti, majibu yakamfikia kitandani, shaba na risasi zimepanda vibaya, na sodiamu imo, akamshika mdogo wake kifundo cha mkono akasema, "Gari lile lisiwashwe tena, likikamata kwenye mteremko usukani utakuwa mzito na breki itakuwa ngumu kama ukuta, mwambie binti leo", mdogo wake akaitikia, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti Mungu alimchukua mja wake, lakini binti hakuambiwa, kwanza kwa aibu kwamba angeuliza tangu lini, kisha kwa pilikapilika za msiba, na leo asubuhi alipofuatwa getini alimwangukia mjomba wake begani akilia, na mjomba akamsindikiza ndani bila kumwambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliolala nasi tangu siku ya kwanza, na wafanyakazi wenzake wa maabara mliompelekea majibu yale hospitalini, kwani mlimheshimu kwa kumwachia kazi yake hadi mwisho.

Kaka, pumzika kwa amani ya Mungu, usiogope tena.

Na wewe binti yetu uliyekaa safu ya tatu na watoto wale, njia ya kwenda makaburini inateremka kuanzia hapo getini, nyote mtapanda basi la kwaya, mjomba wako anakuomba, kabla jeneza halijainuliwa, simama umletee huo ufunguo.