Kigoda cha Dirishani

Mjane aliketi basini nyuma ya wachoraji ramani wawili walioinamia kompyuta moja. “Ndugu yangu, nyumba hii umeichora wewe?” aliuliza mwenye miwani. “Kwa mkono wangu huu,” alijibu mwenzake, na mkono wenyewe akautia mfukoni. “Na kigoda hiki kwenye dirisha la jikoni?” “Kimo kwenye programu.” “Mbona yangu haina? Ramani hii umeichota kwenye kundi letu la mtandaoni, ukafuta jina la mwenyewe.” “Wewe hata kivuli chako unakishuku! Tukishuka nakifuta, uridhike.”

Mjane alikijua kile kigoda. Marehemu mumewe alikiweka katika kila nyumba aliyoichora, mkewe asikose pa kukaa. “Msikifute, wanangu,” alisema hatimaye. Lakini basi lilikuwa limeshasimama, nao walikuwa chini, wakibishana.