Transfoma Mbili Mapajani

Ndani ya treni, mama mshona nguo alikuwa amepakata transfoma mbili kama mapacha, vipande vizito vya chuma na waya vya kupitishia sauti, kimoja kwa kila spika. Fundi redio wa kiti cha mbele, alipoambiwa ni za amplifaya ya taa, ile ya kizamani inayokuza sauti kwa taa za kioo, ambayo mama anajiundia nyumbani, aliguna. "Mama, taa ndogo zingekutosha, na transfoma za nusu ya ukubwa wa hizo. Sebule si uwanja wa mpira."

"Sebule yangu umeiona?"

"Sijaiona. Ila watu huchagua taa kwanza, ndipo transfoma."

Hilo lilimchoma mama, maana kweli alianzia mkiani: transfoma alishanunua, taa bado. Lakini kukubali? Ng'o! "Basi nitatafuta taa kubwa zinazozifaa hizi. Miaka thelathini marehemu mume wangu alinipunguzia sauti, mwanangu. Sasa ni zamu yako?"

Treni ikasimama kwenye kituo cha mama. Fundi akanyoosha mikono ampokee mzigo.

"Ziache," mama akasema, akiinuka nazo. "Uzito huu nimeuchagua mwenyewe."