Sista Jedidah Mkawasi na Vidonda Walivyoficha Wanaume

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Sista Jedidah Mkawasi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi katika kaunti yetu. Alianzia Njukini, akahamishiwa Taveta, na kwa miaka kumi na minne ya mwisho amekuwa nasi hapa Voi, kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi.

Wanaomjua wanajua ubishi wake. Alipokuwa Taveta, bodaboda ilimwangusha topeni kando ya mashamba ya ndizi. Akainuka goti likitoka damu, na swali lake la kwanza likawa kama boksi la dawa alilobeba limepona.

Hapa Voi, kilichomwasha ni kifo cha mgonjwa mmoja. Alikuwa mtu makini, hakosi dawa hata siku moja, na virusi vilikuwa vimetulia hata havionekani kwenye vipimo. Saratani ya uume ikamwua. Kidonda alikuwa nacho karibu mwaka mzima, akakinyamazia kwa haya. Sista alilia mbele yetu sote siku hiyo, kisha akaapa kuwa hatamzika mwingine kwa sababu ya aibu.

Alidai pazia na taa nzuri, akaanza kumkagua kila mwanaume aliyekubali. Hakuzunguka mbuyu. Saratani hii ni nadra, aliwaambia, lakini mwenye VVU yumo hatarini kuliko wengine, kwa kuwa kinga iliyodhoofika hushindwa kukifukuza kirusi kingine, HPV, kinachoweza kuleta saratani. Dawa husaidia, na tohara ya utotoni hupunguza hatari, ila hakuna aliyepewa ruhusa ya kutojiangalia. Uvimbe au kidonda kisichopona wiki tatu, nne, njoo. Mficha uchi hazai, bwana!

Wanaume walimkimbia, lo! Wapo waliopiga simu kwanza kuuliza kama Sista yuko likizo, ndipo waje kuchukua dawa. Alipogundua, akawa anakatiza likizo bila kumwarifu mtu.

Sylus Mwakio, mfugaji wa mbuzi kule Marungu, alimkwepa kwa miezi kadhaa. Alimtuma mkewe, Rita, kumchukulia dawa, na kidonda chake akakinyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili, zile antibiotiki za dukani. Juu kilikauka, chini kiliendelea kumla. Rita aliposhindwa kuvumilia, akamweleza Sista, na kesho yake Sista akawa Marungu. Sylus alimwambia wazi kuwa anajua atakatwa yote, na heri afe akiwa mwanaume kamili. Sista akavuta kigoda. Akamjibu kwamba sasa hivi kuna kidogo cha kukatwa, akingoja mvua nyingine huenda kusiwe na cha kuokoa, na kwamba yeye haondoki pale peke yake. Mbuzi walirudi zizini Sista akiwa bado amekaa. Sylus akaenda kuvaa viatu.

Madaktari wa Mombasa walikata sehemu ndogo tu. Ni miaka mitatu sasa, na kila uchunguzi umetoka salama.

Tulipoandaa wasifu huu, tuliandika habari za mgonjwa mmoja wa Marungu, bila jina. Sylus alipopata habari alikuja ofisini na Rita, amekasirika kwelikweli. Alisema kuficha ndiko kulikokaribia kumwua, basi jina lake liandikwe lote, na ugonjwa wake utajwe, na wanaume wenzake wasome. Kuanzia Jumatatu atakuwa akikaa benchini hapa kliniki na wanaosubiri, awaeleze mwenyewe.

Asante, Sista, kwa kutokubali kuaibika. Umetufunza kazi, umetugombeza tulipostahili, na Rita bado ana mume. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha huko kwenu milimani. Nenda salama, mama. Wanaume wa Voi tuachie sisi, hatutawaonea haya.