Barua Ambayo Ate Siyon Hakuisoma

Mheshimiwa Meya. Bi. Leonora Tansingco, Mwenyekiti wa studio yetu. Padre Anselmo uliyetuombea. Waigizaji, mafundi wa taa, wapishi na madereva. Wanafunzi wa filamu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi za kuaga. Nina miaka sabini na miwili, magoti yananiuma, na kwa miaka thelathini na mitatu nimeandika filamu saba za Bonde la Kengele. Dakika kumi zinanitosha, huenda hata zikabaki.

Bi. Mwenyekiti amenisifu kwamba mimi na marehemu mwongozaji wetu, Fortunato Bulatao, tulikuwa na daftari la bluu lenye hadithi yote, tangu filamu ya kwanza hadi ya saba, kabla kamera haijawashwa. Mmepiga makofi. Wanafunzi, nimewaona mkiandika. Tafadhali futeni. Daftari lile lilikuwa la mpishi. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya sahani za wali na samaki mkavu. Bulatao aliliinua mbele ya waandishi wa habari kwa sababu walimuuliza swali gumu, nalo ndilo lililokuwa karibu na mkono wake.

Tulipanga nini, basi? Binti wa pili wa ukoo tunaousimulia alihamia Kanada katika hadithi kwa sababu mwigizaji wake alihamia Kanada. Kiwanda cha sukari kiliteketea kwa sababu tulifika Batangas kurekodi tukakuta kimeteketea wiki moja kabla. Nani angekaa mezani akayapanga hayo? Tulikuwa tunaandika asubuhi kile kilichotupata jana.

Lakini liko jambo moja ambalo sikuja kuchekesha watu nalo.

Wengi wenu mnamfahamu Consolacion Macaraeg, Mama Ising wa filamu zetu. Sisi tunamwita Ate Siyon, maana ni dada yetu mkubwa. Katika filamu ya kwanza alikuwa mtumishi wa nyumba ya tajiri, mwenye nafasi moja tu ya kusema. Niliandika kwamba anapewa barua, anaifungua, anaisoma kwa sauti. Siku ya kurekodi akaipokea, akaipapasa, akaikunja na kuitia kifuani bila kuisoma. Bulatao akanigeukia. "Islaw, umeandika hivyo?"

"Sikuandika."

"Basi iache. Utepe wa kamera umebaki mdogo, na mimi nimeipenda."

Filamu ya pili ikalazimika kueleza kwa nini mtumishi hakusoma barua. Nikaumiza kichwa siku nne, nikasema: kwa sababu anajua kilichomo. Kwa sababu inamhusu kijana wa tajiri, naye ni mtoto wake wa kumzaa. Hivyo ndivyo mtumishi alivyopata kuwa mama wa hadithi nzima. Vitabu vya vyuo vinasema tulipanda mbegu hiyo kwa makusudi tangu filamu ya kwanza.

Katika filamu ya tatu, mwaka themanini na tisa, Ate Siyon alitakiwa kuvuka daraja la mbao katikati ya mashamba ya miwa. Akakosea hatua mbili, akatumbukia mferejini. Tulipomtoa, amelowa, nilimshikia taulo mbele ya uso. Hakuipokea. Hapo nikaelewa.

"Tangu lini, Ate?"

"Tangu barua," akasema. "Nilikuwa naona weupe wa karatasi, herufi sizioni. Sasa hata karatasi hakuna. Usimwambie Bulatao, nina watoto watatu."

Lakini Bulatao alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechelewa siku tisa katika ratiba. "Nitafutieni mwingine anayefanana naye," akasema. Nikamwomba muda wa chakula cha mchana. Nikakaa juu ya sanduku la taa, nikamwandika Mama Ising upya: haoni tangu filamu ya kwanza, amewaficha wote, naye anamtambua mwanawe kwa kumshika masikio. Saa nane tulirekodi. Mafundi walilia. Baadaye nchi nzima ililia.

Kisha tukaogopa. Wenye bima wangesema nini? Studio ikaamua isemwe kwamba anaigiza upofu. Akapewa tuzo, na maneno ya shukrani nilimwandikia mimi: kwamba alifanya mazoezi ya upofu kwa miezi sita. Aliyasema vizuri, akashuka ngazi ameshika mkono wangu, na magazeti yakaandika kwamba anatembea kama malkia.

Studio nyingine zikamwita awe daktari, awe mwalimu, awe mwanamke anayeendesha gari. Akazikataa zote na hakuweza kusema sababu. Mkamwita mwenye majivuno. Nasema mkamwita, lakini mimi nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza miaka thelathini, huku nikipokea sifa za mpango ambao haukuwepo. Huo ndio uchovu ninaoondoka nao leo. Magoti ni kisingizio.

Jumamosi nilikwenda kwake Marikina kumwomba ruhusa ya kusema haya. Alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Umechelewa, Islaw."

"Najua, Ate. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishasema, siyo kabla. Na uwaambie vizuri. Wasinipongeze kwa kuigiza kipofu, ile haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuigiza kwamba naona. Kwenye sherehe, kwenye picha, kanisani, kwa majirani. Hiyo hakuna aliyenipa tuzo."

Bi. Mwenyekiti, nimeuona ubao wako wa filamu tatu zijazo, umepangwa kwa rangi, umependeza. Panga, mama. Ila siku mtu atakapotumbukia mferejini, umuulize ameumia wapi kabla ya kuuliza hadithi inakwendaje.

Nawashukuru kwa chakula, kwa saa hii ya mkononi mliyonizawadia, na kwa kunivumilia mpaka hapa. Ate Siyon amekuja. Yuko meza ya tatu, karibu na mlango, amevaa nguo ya kijani. Mkienda kumsalimu, tajeni majina yenu kwanza.